Kungoja Mkono Utoke

"Hivi mama, mle ndani mnasali au mnatengeneza noti bandia?"

Kinyozi wa chumba cha pili aliniuliza hivyo siku moja nikiwa namwaga maji machafu kwenye mfereji. Alisema taa zetu zinawaka tangu asubuhi mpaka ukuta wake unapata joto, mlango umefungwa, na hasikii mtu akigonga kitu wala akicheka. Nikamwambia tunamtembeza mtu wa udongo. Akaniangalia kwa huruma, kama anayemwona mjane akianza kuchanganyikiwa, akasema, "Pole sana mama," akamrudia mteja wake aliyekuwa amenyolewa upande mmoja.

Sikumlaumu. Kazi yetu ukiieleza kwa maneno inakuwa kama uongo. Kuna mtu wa udongo anaitwa Kibonge, fundi cherehani, kimo chake kama chupa ya soda, tumbo mbele, na ndani ana mifupa ya waya. Shemeji yangu, mdogo wa marehemu mume wangu, anamsogeza mkono kidogo sana, kiasi cha unene wa ukucha, anatoa mikono yake, kisha anasema, "Piga." Mimi nabonyeza kitufe, kamera inapiga picha moja. Anarudi, anamsogeza tena. Piga. Picha hizo zikipitishwa mbiombio mfululizo, Kibonge anaonekana ameinua mkasi na kukata kitambaa kama mimi na wewe. Kukata kitambaa kimoja kunakula siku nzima, na jioni mgongo unauma kana kwamba umelima.

Hao ndugu wawili, marehemu na shemeji, ndio walioianzisha kazi hii hapa kwetu. Walikuwa vijana wadogo walipoona kwenye jumba la sinema, kabla ya picha yenyewe kuanza, filamu fupi ya watu wa udongo iliyotoka nje. Wenzao walikuwa wanapiga miluzi, wanataka ya ngumi ianze. Hawa wawili walirudi nyumbani wanawaza wale watu wa udongo tu. Kesho yake walikwenda kuchimba udongo, ule wa kawaida wa vyungu, wakafinyanga mtu, wakamwashia taa. Kabla hajainua hata mguu alikuwa amekauka na kupasuka. "Mtu wetu wa kwanza alikufa kwa kiu," marehemu alizoea kusema, na kila mgeni aliyeingia nyumbani kwetu alisimuliwa hiyo, apende asipende.

Baadaye wakajua kwamba udongo wa kazi hii ni ule wa mafuta, wa rangi, wanaouchezea watoto wa chekechea, ambao haukauki. Wakapata kamera ya filamu iliyochakaa kutoka kampuni ya matangazo ya sinema iliyokuwa inafunga. Kamera yenyewe ilikuwa nzuri, ila filamu ilibidi ipelekwe mbali kusafishwa, na majibu yalirudi baada ya wiki nyingi. Walitundika shuka jeupe ukutani sebuleni, wakazima taa, ndipo wakajua kama kazi imekaa au imeharibika. Kivuli cha kichwa cha mtu kikionekana, basi. Taa ikiwa ilififia katikati, basi. Unaanza upya, na yule Kibonge wa mwanzo alishavunjwa kitambo, udongo wake umekwisha kuwa mbuzi au kiti.

Nilipoolewa nilikuta kituo cha televisheni ni kimoja tu, nacho kinamwonyesha Kibonge, na jioni ya Kibonge mitaa ilikuwa mitupu. Mtoto aliyegoma kuoga aliambiwa Kibonge anaanza, akaingia bafuni mwenyewe. Nami nikaanza kusaidia. Nilikuwa naukanda udongo mpaka ulainike, na kunawa mikono kila nikitoka rangi moja kwenda nyingine, maana udongo mweupe una wivu, ukiugusa na doa jekundu haukusamehe. Halafu vituo vikawa vingi. Zikaja katuni za kompyuta, zinang'aa kama sahani zilizotoka kuoshwa, mpya kila siku, na sisi mwaka mzima tunatoa vipindi vya kuhesabu kwa vidole. Kibonge akasogezwa kutoka jioni kwenda mchana, kutoka mchana kwenda alfajiri, saa ya watu waliokosa usingizi. Filamu nayo ikafa. Tukanunua kamera ya kisasa iliyounganishwa na kompyuta, picha ukiipiga unaiona hapo hapo.

Nasema unaiona, lakini anayeiona ni mimi. Kioo cha kompyuta kinaelekea kwenye kiti changu. Kiti hicho kilikuwa cha marehemu, naye alipoanza kuugua alinikalisha hapo, akanifundisha, akaondoka zake kwa Mola. Shemeji hataki kutazama kioo akiwa kazini. Miondoko yote anaibeba kichwani, huu mkono unakwenda wapi, lile jicho limebakiza kiasi gani kufumba, na ukimsemesha katikati ni kama umemgonga mtu aliyebeba trei ya vikombe. Basi hatumsemeshi. Anatazama tukishamaliza onyesho zima.

Na hapo ndipo penye habari yangu.

Ilikuwa msimu wa mvua uliopita. Kibonge alikuwa anapima suti ya mteja, shemeji akamgeuza shingo, akasema, "Piga," na mkono wake bado umeshika bega la Kibonge. Nikasema polepole, "Shemeji, mkono." Akautazama mkono wake kama wa mtu mwingine, akacheka.

"Huu nao umezoea ustaa. Unataka kuonekana kwenye televisheni."

Tukacheka wote. Nilidhani ni uchovu. Lakini siku chache baadaye ikawa tena, na wiki iliyofuata ikawa mara kadhaa kwa siku moja. Kila nikisema "Mkono, shemeji," kicheko kilipungua. Mwisho alinigeukia na uso ambao sijawahi kuuona kwake.

"Shemeji, mimi kazi hii nimeifanya kabla hujaijua nyumba hii. Nikisema piga, piga."

Sikununa, maana nimeuguza mtu, najua mgonjwa anavyoongea. Niliendelea kubonyeza, ila sikubonyeza aliposema. Nilingoja. Mkono ukitoka, kivuli chake kikitoka, ndipo nilibonyeza, na kwa kuwa kamera ya siku hizi haina mlio, hakujua. Wakati mwingine mkono ulikawia. Alikuwa amesimama amemshika Kibonge, macho yameganda, nami nimeweka kidole juu ya kitufe, nasema moyoni, Mungu wangu, mrudishe. Alirudi. Aliutoa mkono mwenyewe, nikapiga, tukaendelea. Jioni alitazama onyesho, akaridhika. "Bado nipo nipo," alisema, akajipigapiga kifua. Nami nilisema, "Upo, shemeji," nikachukua ndoo nikaenda kumwaga maji.

Nilikuwa nachoka. Kukaa kwenye kile kiti kulinichosha kuliko kukanda udongo. Ukiwa macho kwa ajili ya watu wawili, usingizi wenyewe unakuja na macho wazi.

Binti wa shemeji anafanya kazi kwenye kituo cha televisheni, kitengo cha kupanga ratiba. Mimi ananiita mama mkubwa. Alikuja siku moja mchana, hajavua hata viatu, akatuambia kwamba kituo kinaondoa vipindi vya zamani, na Kibonge yumo.

"Wanamwondoa?" shemeji aliuliza.

"Ngoja baba, sijamaliza. Mkuu wa vipindi mpya amekataa. Anasema yeye amekua na Kibonge. Anakuja mwenyewe na mpiga video, wakuchukue ukiwa kazini, aende kuwaonyesha wakubwa. Wakikubali, unapewa msimu mmoja wa mwisho."

Shemeji alikaa juu ya kreti. Hakuwa mtu wa kuomba, lakini siku hiyo alimwambia binti yake, "Mwambie anipe huo mmoja tu. Kibonge nimemwacha anahama duka, mizigo iko barabarani. Siwezi kumwacha barabarani. Nimfikishe, nimfungulie mlango, nimkalishe kwenye cherehani yake, basi. Baada ya hapo hata wakisema nifagie uwanja wao nitafagia."

Hilo ndilo alilolitaka. Hakutaka jina wala sherehe. Alitaka kummaliza mtu wake vizuri.

Binti alipokuwa anaondoka nilimsindikiza mpaka nje, nikamwambia. Sikuzungusha maneno. Nikasema, baba yako anasahau mkono ndani ya picha, na si mara moja wala mbili. Mpeleke kwa daktari. Alishika kishikio cha mlango wa gari akabaki hivyo.

"Na mbona kazi zinakuja safi?"

"Nangoja utoke."

"Yeye anajua?"

"Hajui."

Akapangusa macho kwa kiganja. "Basi mama mkubwa, nakuomba. Siku hiyo ngoja hivyo hivyo. Ipite tu. Akishapata barua yake ya msimu kutoka kituoni nitampeleka kwa daktari mwenyewe, hata kwa kumbeba."

Nilimwambia mimi sina namna nyingine ya kupiga. Nikarudi ndani. Shemeji alikuwa anamfuta Kibonge vumbi la masikio kwa kijiti, anaimba kwa pua.

Siku yenyewe niliamka nikasali, nikafika mapema, nikafagia, nikawasha taa ili udongo uzoee joto, maana taa zikiwaka ghafla Kibonge huanza kulegea magoti. Shemeji alikuja amevaa shati lililopigwa pasi. Alikuwa mchangamfu hata nikaanza kuona aibu kwa hofu yangu. Wageni walipoingia, aliwashika mikono kisha akakimbilia kunawa, akisema, "Msione nawanyanyapaa, huyu bwana mdogo hapa hapendi jasho la watu."

Mkuu wa vipindi alikuwa kijana wa makamo, mnene kidogo, mwenye sauti ya upole. Alipomwona Kibonge mezani, akiwa na kimkokoteni chake chenye vitambaa, alishika kichwa.

"Yaani ni mdogo hivi? Mimi nilidhani yuko kama mtu!"

"Televisheni inanenepesha," shemeji alisema. "Hata wewe nimekuona kwenye taarifa, ulikuwa mkubwa zaidi."

Watu walicheka, binti kuliko wote. Mpiga video akapanga vyombo vyake pembeni. Nikakaa kwenye kiti changu. Onyesho lilikuwa fupi, Kibonge anausukuma mkokoteni barabarani, anasimama, anajifuta jasho. Ndipo mkuu wa vipindi alipoinama karibu nami, ameunganisha mikono kama anayeomba maji.

"Mama, nina ombi la kitoto. Naomba leo nipige mimi. Nilipokuwa mdogo nilijiapiza kwamba siku moja nitaingia ndani ya nyumba ya Kibonge. Kubonyeza tu. Siharibu kitu."

Nikamtazama binti. Binti alikuwa ameshafungua kinywa. "Mkuu, nadhani mama mkubwa amezoea, mwachie yeye..."

"Mpe!" shemeji alisema, uso unang'aa. "Shemeji, mpe kiti mgeni. Hii kazi ni kubonyeza tu, nani asiyeweza kubonyeza? Sikiliza kijana. Nikisema piga, unapiga. Hukawii, huwahi. Sawa?"

"Sawa mzee."

Nilisimama. Nilimwelekeza kitufe, kisha nikamwambia kwa sauti ya chini, "Mwangalie mikono yake. Ikitoka ndipo upige." Akaitikia kwa kichwa kwa heshima, lakini nilimwona hakusikia. Macho yake yalikuwa kwa Kibonge.

Wakaanza. Mwanzo ulikwenda vizuri. Shemeji alisukuma mkokoteni, akatoa mikono, piga. Mguu, piga. Mguu, piga. Nilianza kupumua. Binti alinishika vidole nyuma ya mgongo wake, akavibana. Halafu Kibonge alipoanza kuinua mkono ajifute jasho, shemeji alisema, "Piga," na vidole vyake vipo kwenye kiwiko. Na yule kijana, mtiifu kama mwanafunzi wa mstari wa mbele, akapiga.

"Piga." Mkono upo. Akapiga.

"Piga." Akapiga.

Nikasogea hatua. "Shemeji, mkono."

Hakugeuka. "Msiniongeleshe nikiwa kazini."

Alisema kwa sauti ya kawaida, wala hakukasirika. Aliendelea. Vidole vyake vilikuwa vinakwenda vizuri, hilo nalisema kwa haki. Vilikuwa vinamsogeza Kibonge kwa upole ule ule wa miaka yote. Havikujua tu kuondoka. Mkuu wa vipindi alitupa jicho kwenye kioo, akakunja uso kidogo, akamtazama mzee, kisha akaendelea kutii. Nadhani alidhani ndivyo kazi inavyofanywa, kwamba kuna mahali mbele mikono inafutwa. Binti aliuachia mkono wangu.

Onyesho likaisha. Shemeji alinyoosha mgongo, akajifuta shingo, akaja upande wetu. "Haya tuone mkono wa mgeni."

Alisema hivyo hasa, mkono wa mgeni, na hakuna aliyecheka.

Mkuu wa vipindi alibonyeza. Kibonge akasukuma mkokoteni barabarani, akaja, akasimama. Kisha bonge la mkono likatokea juu yake, mkono wa mzee wenye mishipa na saa, likamfunika uso, likatoweka, likarudi, likamkaba kiwiko, likatetemeka juu yake kama ndege aliyenaswa. Kibonge hakuonekana akijifuta jasho. Ulionekana mkono unampapasa.

Feni ilikuwa inazunguka. Mpiga video alijifanya anatafuta waya.

"Rudia," shemeji alisema.

Ikarudiwa.

Mkuu wa vipindi aliwahi kusema, Mungu ambariki, alitaka kusaidia. "Mzee, hii si tatizo hata kidogo. Siku hizi vijana wangu wanafuta vitu hivi kwenye kompyuta. Hata waya unaomning'iniza mtu anayeruka kwenye filamu wanaufuta. Tena watazamaji watapenda kuona mkono wa fundi mwenyewe. Mimi msimu nimeshaupitisha moyoni, nitawaambia wakubwa..."

"Hiyo nimeelewa," shemeji alisema. Alikuwa bado anatazama kioo. "Nifungulie ya wiki iliyopita. Ile ya mlangoni."

Hakumwambia kijana. Aliniambia mimi. Niliinama juu ya bega la mgeni nikaifungua. Kibonge akatoka mlangoni, akageuka, akafunga kufuli, akalitikisa kuona kama limeshika. Safi, bila hata kivuli cha ukucha. Shemeji aliitazama mpaka mwisho. Nilimwona akiweka mambo mawili pamoja taratibu, kama anavyounganisha mguu na kiwiliwili.

"Shemeji," alisema, "wewe hupigi nikisema."

"Sipigi."

"Unafanya nini?"

"Nangoja mkono utoke."

"Tangu lini?"

"Tangu zile mvua. Uliponikataza kukwambia."

Binti alidakia, "Baba, ni mimi niliyemwomba..."

"Nyamaza kwanza, mwanangu." Hakumfokea. Alivuta kreti lakini hakukaa. Alikuwa amechoka usoni kama mtu aliyetembea usiku kucha, na bado ilikuwa asubuhi. "Kaka yangu angenisema. Alikuwa haoni haya mbele ya watu wala mbele ya mama yetu. Angenizaba kofi la kisogo, aniambie wewe, toa mkono. Asingenificha kama mtoto."

Ningeweza kunyamaza. Nimefikiria sana tangu siku ile, na bado naona nisingeweza. Mtu aliyeulizia ukweli mbele ya watu hata kama amesema kwa kuzunguka, ukimpa nusu ni kumwibia. Na marehemu si wa kusingiziwa, hata kwa wema.

"Kaka yako naye alikuwa anangoja, shemeji," nilimwambia. "Tangu enzi za filamu. Ulikuwa na haraka, unasema piga, mkono bado haujatoka, hata mlio wa kamera ulipokawia hukuusikia. Si kama sasa, ila ilikuwa. Aliponikalisha hapa ndicho kitu cha kwanza alichonifundisha. Alisema, usimfuate mdomo, fuata mikono. Na alisema usimwambie, maana akianza kuufikiria mkono, ataacha kumfikiria Kibonge."

Alinitazama. Sijui alimwona nani, mimi au ndugu yake. Mkuu wa vipindi alianza tena habari za barua, kwamba ataileta kesho, kwamba msimu upo, kwamba mama aendelee tu na kiti chake na mzee na kazi yake, mambo yaende kama yalivyokuwa. Alisema vizuri. Kila alichosema kilikuwa kinawezekana. Shemeji alimsikiliza kwa adabu mpaka nafasi ya kujibu ilipofika, na sote tukageuka kumsikia.

Alivua saa, akaitia mfukoni. Akashusha mikono ya shati lake, akafunga vifungo, huu kisha huu. Alipita kati yangu na binti yake, akafungua mlango, mwanga wa nje ukaingia mpaka miguuni pa meza. Akatoka, Kibonge akabaki barabarani na mkokoteni wake.